Papa Oberlin, muchungaji aliyebaki miaka 59 mu bonde la mawe

Ku makaburi ya Fouday, kijiji kidogo cha milima ya Vosges, mashariki ya Ufaransa, kuko musalaba wa chuma. Juu ya ule musalaba mutu anasoma Papa Oberlin. Njo vile watu wa lile bonde walizoea kumuita, wakubwa kwa watoto. Jina lake kamili lilikuwa Jean-Frédéric Oberlin. Alifika kwao mwaka 1767 akiwa kijana wa miaka 26. Alikufa kwao mwaka 1826 akiwa muzee wa miaka 85. Kati ya kufika na kufa kuko miaka 59: paruwasi moja, vijiji vile vile, familia zile zile, toka babu mupaka mujukuu.

Sisi watu wa migodi tumezoea kuona wengine wanakuja na kuondoka. Mukubwa wa kazi anafika, anaahidi barabara na maji, kiisha anahamishwa. Kampuni inabadilisha jina. Hata muchungaji, mara nyingine, anakaa kidogo tu, kiisha anatafuta paruwasi ya muji mukubwa kwenye sadaka iko nzito. Hatuwalaumu wote, kila mutu na sababu yake. Lakini leo tusimulie maisha ya mutu mumoja aliyepata nafasi ya kuondoka zaidi ya mara moja, na akabaki. Na tuangalie ni kitu gani kilitoka mu kule kubaki.

Kijana wa chumba cha juu

Oberlin alizaliwa ku Strasbourg tarehe 31 mwezi wa 8 mwaka 1740. Baba yake alikuwa mwalimu wa masomo makubwa ya ule muji. Mu nyumba hakukuwa utajiri, lakini kulikuwa vitabu. Kaka yake, Jérémie-Jacques, alikuja kuwa mutu wa elimu mwenye kujulikana sana. Jean-Frédéric naye alisoma teolojia, na watu walifikiri atapata kazi nzuri palepale mu muji. Yeye mwenyewe alikuwa anapanga kuwa muchungaji wa waaskari, mu kikosi kimoja cha jeshi la Ufaransa.

Siku moja mugeni alipanda ngazi mupaka ku chumba chake kidogo chini ya paa. Alimukuta kijana amelala, meno yanamuuma. Kitanda kilikuwa na mapazia ya karatasi, na juu ya taa kulikuwa kumetundikwa chungu kidogo. Ndani ya kile chungu Oberlin alikuwa anapika mukate na maji na chumvi, njo chakula chake cha mangaribi. Mugeni alicheka kwa furaha. Alikuwa anaitwa Jean-Georges Stuber, na alikuwa anatafuta mutu wa kumuachia paruwasi yake. Kwa ile paruwasi, mutu asiyeweza kula mukate na chumvi hangeweza kukaa.

Stuber alimueleza kweli yote. Paruwasi ilikuwa mbali, mushahara mudogo, baridi ndefu, watu masikini na wenye kichwa nguvu. Oberlin hakujibu upesi. Alitaka kwanza kikosi kimuachilie kwa ruhusa, na alitaka kujua kama hakuna muchungaji mwingine mwenye kuiomba ile nafasi. Hakukuwa mwingine. Akaenda.

Bonde la mawe

Ile inchi inaitwa Ban de la Roche. Wenye kusema Kijerumani wanaiita Steintal, maana yake bonde la mawe. Iko mu milima, upande wa magharibi wa Strasbourg. Nyumba ya muchungaji ilikuwa Waldersbach, na paruwasi ilishika pia Fouday, Belmont, Bellefosse na Solbach. Majira ya baridi yanaanza mapema na yanachelewa kuisha. Udongo ni mwembamba juu ya mawe, na mvua kubwa inaushusha wote chini.

Wachimbaji watapenda kujua: ile inchi ilikuwa ya chuma. Ku Rothau, chini ya bonde, watu walichimba chuma tangu zamani za mababu, na kulikuwa viwanda vya kukiyeyusha. Lakini chuma haikulisha kila nyumba. Moto wa viwanda ulikula makaa ya miti bila kushiba, na makaa yalitoka mu pori ambamo masikini walitafuta kuni na kuchungia ng'ombe wao. Tangu wakati ule, mugodi na kijiji vilikuwa vinagombana juu ya pori. Hadithi hii tunaijua.

Kabla ya Stuber, masomo yalikuwa ya jina tu. Inasimuliwa kwamba siku Stuber alipoomba aonyeshwe masomo, walimupeleka mu kibanda. Mule watoto walikuwa wanapiga makelele, na muzee mumoja alikuwa amelala ku kitanda. Njo alikuwa mwalimu. Stuber alipomuuliza anafundisha nini, akasema hafundishi kitu, juu yeye mwenyewe hajui kitu. Zamani alikuwa anachunga nguruwe wa kijiji. Alipozeeka na kushindwa kuwafuata nguruwe, wakamupa watoto. Stuber alianza kurekebisha ile hali, akatafuta walimu wa kweli, akaanzisha hata vitabu vya kuazima. Oberlin hakuanza ku sifuri. Alipokea kazi ya mwenzake na akaiendelesha, bila kubomoa ili jina lake pekee lionekane. Hata ile ni uaminifu.

Watu hawakumupokea wote na mikono miwili. Kijana wa muji mwenye kuleta mambo mapya aliwachokesha. Inasimuliwa kwamba wanaume fulani walipanga kumupiga. Yeye alipata habari. Siku ya Mungu akahubiri juu ya kuvumilia mabaya, na baada ya ibada akaenda peke yake mupaka mu nyumba ambamo walikuwa wamekusanyika. Akawaambia amejileta mwenyewe, juu hapendi wawe watu wa kuvizia mu njia. Wakapata haya. Kiisha wakapeana mikono.

Piki ku bega

Kazi ya kwanza ambayo watu wanaikumbuka ni barabara. Mu majira ya baridi na ya mvua, vijiji vilifungwa. Kufika ku barabara ya Strasbourg ilikuwa taabu: njia ya mawe, na muto wa Bruche wa kuvuka. Mutu mwenye kitu cha kuuzisha hakuweza kukifikisha ku soko, na mwenye kuhitaji chombo cha kulimia alikikosa.

Oberlin aliita watu. Akawaambia wapasue mawe kwa baruti, wajenge ukuta wa kushika barabara kando ya muto, na wasimamishe daraja kwa upande wa Rothau. Wakaona amepoteza akili. Kila mutu akasema kazi yake iko mingi. Basi hakuendelea kubishana. Akaweka piki ku bega, akatoka na mutu mumoja wa kumusaidia, akaanza kuchimba. Alichagua mwenyewe pahali pa miiba mibaya zaidi. Wale waliobaki wakaangalia, kiisha wakaona haya, kiisha wakafuata. Vyombo vikakosekana, akaandikia marafiki wa Strasbourg wavitume. Barabara ikapita, daraja likasimama. Wakaliita Daraja la Upendo.

Mutu wa mugodi anajua: mukubwa mwenye kushuka mu shimo pamoja na kikosi, neno lake linasikika namna ingine. Lakini tusidanganyike na ile siku moja ya piki. Barabara ya mulima inaharibika kila majira ya baridi. Kwa karibu miaka makumi sita ilihitaji mutu wa kuwakumbusha watu kuitengeneza tena. Kuanza ni hodari. Kurudia kila mwaka, bila muziki, njo kazi yenyewe.

Bustani kando ya njia

Mu mambo ya kulima, Oberlin alijua kama wakulima hawatamusikia mutu wa vitabu. Akachagua vipande viwili vya shamba lake, kando ya njia ambako wote wanapita. Akachimba mifereji, akaweka mbolea, akapanda miti ya matunda. Hakusema kitu. Baada ya miaka, miti ya muchungaji ikawa mizuri mu inchi ambamo watu walizoea matunda ya pori tu. Wapita njia wakaanza kusimama na kuuliza. Njo akafundisha, juu sasa wao ndio waliuliza. Baadaye akataka kila kijana mwenye kujitayarisha kwa meza ya Bwana alete kwanza ushuhuda kama amepanda miti.

Viazi vya Ulaya vilikuwa chakula cha masikini, lakini mbegu ilikuwa imechoka na mavuno yalipungua kabisa. Akaleta mbegu mupya kutoka mbali. Akafundisha kutunza mbolea, kupanda majani ya ng'ombe, kutotupa kitu kinachoweza kuoza mu shamba. Miaka ya njaa, kama ile ya 1816 na 1817 ambayo ilitesa Ulaya muzima, ilipata watu wenye kujua namna ya kujisaidia.

Akachagua vijana na kuwatuma ku Strasbourg wajifunze kazi za mikono: useremala, ujenzi, uhunzi, kutengeneza magurudumu. Walirudi na kufundisha wengine. Akaanzisha sanduku la mukopo: masikini anapata mafranka ya kununua chombo au munyama, na anarudisha kidogo kidogo. Mwenye kuchelewa bila sababu alipoteza haki ya kukopa kwa muda. Muchungaji alikuwa mupole, lakini hakupenda mchezo na deni.

Na sadaka zake mwenyewe? Alikuwa na masanduku matatu. Mapato yakifika, alitia sehemu mu sanduku la kazi ya Mungu, sehemu mu la pili kwa mambo ya faida ya wote kama masomo na njia, na sehemu mu la tatu kwa masikini. Kile kilichobaki njo nyumba yake ilikula.

Wabinti wenye kufuma

Tusimupe Oberlin sifa ya kila kitu. Ku Belmont kulikuwa binti mumoja, Sara Banzet. Alikuwa anakusanya watoto wadogo mu nyumba ya baba yake na kuwafundisha kufuma, wakati wazazi wako ku shamba. Oberlin aliona, na hakuiba mawazo yake. Akamuajiri. Kutoka pale kukazaliwa vyumba vyenye moto, mu vijiji mbalimbali, ambamo wasichana walichunga watoto wadogo: wanafuma, wanaimba, wanajifunza majina ya maua na ya nyama, wanaangalia karta za inchi, wanaanza kusema Kifaransa. Watu wengi wanahesabu ile kazi kati ya mianzo ya masomo ya watoto wadogo mu Ulaya. Sara alikufa kijana, mwaka 1774.

Mwingine alikuwa Louise Scheppler wa Bellefosse. Aliingia mu nyumba ya muchungaji akiwa musichana wa miaka 15, kwa kazi ya nyumba. Akawa mulezi wa vile vyumba vya watoto. Alipanda milima mu theluji, miaka na miaka. Jina lake tutalikuta tena.

Kufiwa, na mambo ambayo hayakufaulu

Mwaka 1768 Oberlin alioa Madeleine-Salomé Witter, binti wa Strasbourg. Alikuwa mama mwenye nguvu, na alisimamia kazi nyingi za paruwasi. Walizaa watoto tisa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1783, nyuma kidogo ya kuzaa mutoto wa mwisho, Salomé akafa. Muchungaji akabaki na watoto mu mikono, mu nyumba ya baridi.

Njo pale Louise Scheppler alisimama. Aliomba asilipwe tena mushahara. Ahesabiwe kama mutoto wa nyumba, basi. Alilea watoto wa marehemu, na hakuolewa. Oberlin naye hakuoa tena. Alisema kama kwa miaka tisa bibi yake alikuwa anamutokea na kumushauri. Wenye elimu walitikisa kichwa, wengine walimuheshimu kwa kunyamaza. Alikuwa mutu wa namna ile: mwenye kupima mbolea na chaki asubuhi, mwenye kufikiri juu ya makao ya wafu mangaribi.

Si kila kazi ya muchungaji inafaulu. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1778, mwandishi kijana, Jakob Lenz, alifika Waldersbach kwa miguu, akili zikiwa zimechafuka. Oberlin na bibi yake walimupokea. Usiku alikuwa anajitupa mu maji ya baridi ya kisima cha kijiji. Walimutunza karibu majuma matatu, lakini hali ilizidi, mupaka wakalazimika kumutuma Strasbourg pamoja na watu wa kumulinda. Oberlin hakumuponya. Aliandika tu kwa uaminifu mambo yote kama yalivyopita, na baadaye Georg Büchner alichukua yale maandiko na kutunga hadithi ambayo mupaka leo inasomwa.

Na yeye mwenyewe alijaribiwa kuondoka. Kabla hajamaliza miaka kumi mu bonde, alipata mwito wa kwenda kuchunga Wajerumani waliohamia Amerika. Alikuwa tayari kwenda. Vita vya uhuru vya Amerika vikafunga njia. Tunalisema hili juu ya kuonyesha kama uaminifu si kukosa hamu ya kwenda pengine. Mara nyingine Mungu anafunga mulango, na mutu anarudi ku kazi yake ya jana bila kununa.

Wakati wa hatari

Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, Oberlin alifurahi. Aliona masikini watapata haki. Mutoto wake wa kwanza, Frédéric, alijiunga na jeshi la Republika na akafa mu vita mwaka 1793. Kiisha kukaja wakati wa woga, makanisa yakafungwa, ibada ikakatazwa. Ku Waldersbach watu waliendelea kukusanyika, lakini kwa jina la kilabu cha raia, na muchungaji akasema kama raia mwenye kuwashauri wenzake. Nyumba yake ikawa kimbilio la watu wenye kutafutwa. Mwaka 1794 wakamukamata yeye pia, wakamupeleka mupaka Sélestat. Robespierre akaanguka siku zile zile, na Oberlin akarudi nyumbani. Ile serikali iliyomukamata, mwaka ule ule ilimutaja kwa heshima, juu ya kazi yake na ya Stuber ya kufundisha watu Kifaransa.

Sasa sikia jambo la mafranka. Serikali ya Mapinduzi ilikuwa imetoa noti za karatasi zenye jina la assignats. Thamani ikashuka, ikashuka tena, mupaka noti ikawa karatasi tu. Mu Congo hatuhitaji mutu wa kutueleza: mutu analala na mafranka, anaamuka na makaratasi. Ku Ban de la Roche pia masikini walibaki na zile noti mu mikono. Oberlin aliona ni deni, na deni la taifa ni deni la kila raia. Basi akaanza kuzikomboa zile zilizokuwa mu paruwasi yake, kidogo kidogo, mwaka nyuma ya mwaka. Hakuna sheria iliyomulazimisha. Hakutaka tu masikini wa kwake wabebe peke yao udanganyifu ambao hawakuufanya.

Kesi ya pori

Turudi ku pori na chuma. Ugomvi wa vijiji na mabwana wa ile inchi ulikuwa wa zamani, na uliendelea kizazi nyuma ya kizazi. Mwaka 1771 Jean de Dietrich, tajiri wa viwanda vya chuma, alinunua ile eneo yote, na kesi haikuisha. Masikini waliuzisha ng'ombe juu ya kulipa mawakili. Jirani alichukia jirani juu ya kuni. Oberlin hakuchoka kusema kama kesi inakula zaidi kuliko pori linavyoweza kulisha.

Ilichukua miaka mingi. Mu 1813, kwa musaada wa prefe wa Strasbourg, Adrien de Lezay-Marnésia, pande zote zilikubali mapatano. Wakubwa wa vijiji walipotia sahihi, waliletea Oberlin ile kalamu ambayo ilitumika, wakamuomba aitundike mu chumba chake. Akaitundika. Wakati alipofika mu bonde ile kesi ilikuwa tayari muzee. Alipotundika ile kalamu, yeye mwenyewe alikuwa na miaka 72. Kama angeondoka baada ya miaka kumi, au hata makumi tatu, hangeiona.

Wakati ule kazi nayo ilikuwa inageuka. Oberlin alikuwa ameleta kazi ya kusokota pamba kwa mukono, na nyumba nyingi ziliishi nayo. Kiisha mashini ya muji ikaua kazi ya mukono. Ilikuwa hatari ya njaa mupya. Lakini Jean-Luc Legrand, mutu wa Basel, Uswisi, alivutwa na sifa za muchungaji, akahamisha kazi ya kufuma tepe za hariri mupaka Fouday. Familia ziliweza kutumika mu nyumba zao, wazazi pamoja na watoto. Bonde lililokuwa linategemea chuma na pori likapata kitu kingine cha kushika.

Majina ku mulango

Kati ya zile kazi kubwa kulikuwa kazi ndogo ambayo haikuonekana. Asubuhi Oberlin aliombea watu wa paruwasi mumoja mumoja, kwa jina. Ili asimusahau mutu, aliandika majina na chaki ku mulango wa chumba chake. Leo familia ya huyu, kesho ya yule. Mugonjwa, mulevi, mwenye kesi na kaka yake, binti mwenye kukaribia kuolewa. Alikata pia sura zao ndani ya karatasi nyeusi na kuziweka, juu ya kuzikumbuka vizuri. Hesabu mwenyewe: asubuhi ngapi ziko ndani ya miaka 59? Zaidi ya elfu makumi mbili. Hakuna mufalme aliyetoa medali kwa ile kazi.

Sifa ilimufikia wakati wa uzee. Alipata medali ya dhahabu juu ya mambo ya kulima mwaka 1818, na Légion d'honneur mwaka 1819. Wageni walikuja kumuangalia, wengine kutoka mbali. Yeye aliendelea kutembelea wagonjwa.

Alikufa tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 1826. Mvua ilikuwa imenyesha, lakini watu walitoka mu vijiji vyote kumuona. Siku ya mazishi, safari ya kwenda Fouday ilikuwa ndefu sana, wa mbele wamefika na wa nyuma bado hawajatoka. Wakatoliki wa jirani walikuja pia kulia.

Louise Scheppler alibaki. Mwaka 1829, kule Paris, Académie française ilimupa zawadi ya Montyon, ile ya wema. Mafranka yake aliyatumia kwa masikini na kwa watoto. Alikufa mwaka 1837. Mbali kule Marekani, mu Ohio, watu waliojenga masomo makubwa mwaka 1833 waliyapa jina la Oberlin. Hawakuwahi kumuona.

Pengine mu kambi yenu kuko muchungaji, katekista, mwalimu, ao mama wa chumba cha maombi ambaye hajaondoka. Aliona kampuni ya zamani, ameona ya sasa. Alizika baba yako, atakubatiza mutoto wako. Suruali yake imechakaa ku magoti, na hakuna gazeti lililoandika jina lake. Siku ya Mungu ijayo, mukimaliza ibada, mumushike mukono na kumuuliza kama iko kitu kinamukosekana mu nyumba. Na kama barabara ya kwenda kwake imeharibika, mubebe piki.